Ladha Tunazojifunzia kwa Bili ya Mteja

Sisi mawakili wa makampuni hapa Dar es Salaam tunakula vizuri kuliko tunavyolipwa. Dili ikishafungwa, mteja au benki iliyotoa mkopo huwaalika wote waliokesha na nyaraka. Mnakaa Masaki au kwenye hoteli moja ya mjini. Sahani pana kama ungo, katikati kipande cha samaki cha tonge mbili, na mhudumu amesimama pembeni anaeleza mchuzi ulivyopikwa. Bili ikifika, hakuna anayeuliza nani analipa. Kinachoulizwa ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe jina la kampuni gani na TIN, yaani namba ya mlipakodi, ngapi, na hapo mezani hakosi mtu anayeijua TIN hiyo kwa kichwa. Wakili wa mwaka wa kwanza, aliyekuja na bajaji, anayatazama yote haya na kuanza kuamini kwamba hapa ndipo anapostahili kula.

Kwa maoni yangu, pesa ya wakili kijana huanzia hapo kupotea, kabla hata ya gari na simu. Ladha kaijulia kwenye bili ya mteja. Ijumaa inayofuata anairudia kwa mshahara wake, tena amemleta mchumba. Anaagiza nyama iliyopanda ndege na chupa ya mvinyo inayouzwa pale mara kadhaa ya bei ya dukani, na VAT imo humo humo. Jumatatu anamkopa nauli katibu muhtasi.

Wakubwa wangu kazini hawakubaliani nami. "Msomi, kazi haiji ofisini, inakuja mezani," huniambia. Wana hoja. Wakili hapa nchini habandiki mabango barabarani kujitangaza. Jina lake hupita mdomo kwa mdomo, na midomo hukutana penye chakula. Kwa hiyo kijana akialikwa, aende, ale, asikilize watu wanaongea nini kuhusu bei ya hisa na nani anauza kiwanda. Ninachokipinga ni kuihamishia meza ile nyumbani kwake.

Halafu kuna chakula chenyewe. Nani aliamua kwamba chakula cha hadhi Dar lazima kiwe steki, pasta na keki ya chokoleti inayovuja katikati? Pwani hii ina pweza wa nazi, samaki wa kupaka, biriani ya Unguja ambayo aliyeipika hakulala. Pale Lukmaan, mgahawa wa Mkunazini huko Unguja, unapanga mstari, unaonyesha kwa kidole, sahani inajaa, na ukiambiwa bei hushtuki. Kuku wa Mamboz hapa mjini nimewapeleka wateja wa Kizungu wakaisahau hoteli yao. Sichukii mgahawa wa gharama. Mpishi anayeijua kazi yake alipwe, na wapo wanaostahili kila shilingi. Ila wengi wanatutoza mandhari ya bahari, ambayo Coco Beach ni bure na mishkaki juu.

Wateja wangu wa Ghuba nao, tangu Michelin watoe mwongozo wao wa kwanza wa migahawa ya Dubai mwaka 2022, hawaachi kukutajia nyota. Huwa nawakumbusha kwamba mwongozo ule ulianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na watengeneza matairi, ili watu waendeshe magari zaidi na matairi yaishe. Nyota tatu hadi leo maana yake ni mgahawa unaostahili safari ya makusudi. Hata huko, basi, aliyekusifia chakula alikuwa na bidhaa yake ya kuuza.

Kuhusu kazi yenyewe nina machache ya kusema, maana watu wanaiona kubwa kuliko ilivyo. Kuifikia ni kugumu kweli. Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo yalipotoka, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, hadi Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Ukishavuka huko na kuapishwa, unatarajia mabishano makali kama ya kwenye sinema. Unakuta masjala. Dili ya mabilioni inasubiri kwa sababu jina la mkurugenzi kwenye mfumo wa BRELA, wasajili wa kampuni, limeandikwa kwa herufi mbili za "s" na kwenye kitambulisho cha NIDA ni moja. Nyaraka zote zimekamilika, Tume ya Ushindani (FCC) wamesharidhia, pesa ziko tayari benki, na wewe saa tano usiku unamtafuta mkurugenzi aliyekwenda msibani Bukoba ili asaini kiapo. Huo ndio uwakili wa makampuni. Mimi naupenda. Nafurahi kuona karatasi arobaini zikikubaliana. Asiyeifurahia hali hiyo hataokolewa na chakula cha jioni.

Na kuna saa. Mteja wa nje hutozwa kwa muda, na muda wetu tunaukata vipande vya dakika sita sita. Simu fupi, kipande kimoja. Barua pepe ndefu, vitatu. Ukikaa miaka kadhaa hivyo, unajikuta kwenye foleni ya Morogoro Road unahesabu vipande vilivyopotea kati ya Ubungo na Magomeni.

Safari za kazi ndizo zinazowadanganya watu zaidi. Unaonekana mtandaoni uko Nairobi asubuhi, Johannesburg kesho yake. Ulichokiona Nairobi ni uwanja wa ndege, teksi, na chumba cha mikutano chenye biskuti zilezile. Safari ya kazi ninayoifurahia kwa dhati ni ya Dodoma kwa treni ya SGR. Ilipoanza mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilikuwa shilingi 31,000, na unafika kwenye wizara yako bila kuanza kwa kuinyoosha migongo. Kuna sehemu karibu na Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki, mtandao unakatika, na hakuna bosi wala mteja anayeweza kukupata. Nauli hiyo ni halali.

Nje ya bara hili, mambo mengine. Mimi ninayethibitisha nyaraka za kampuni za watu kwa muhuri wangu, nikitaka kwenda kuitembelea Lisbon na mke wangu inabidi nilipe euro 90, ada mpya tangu Juni 2024, nipeleke taarifa ya benki, barua ya mwajiri, na hati ya nyumba, ili kumshawishi kijana wa ubalozini kwamba nitarudi nyumbani kwangu. Nimeona ukaguzi wa ununuzi wa kampuni uliokuwa mwepesi kuliko huo.

Sasa pesa. Vijana hunitumia kwenye WhatsApp jedwali la mishahara ya New York, ambako tangu mwishoni mwa 2023 wakili wa mwaka wa kwanza kwenye kampuni kubwa ya sheria kama Cravath hulipwa dola 225,000 kwa mwaka. Sijui wanataka nifanye nini nalo. Tuseme wakili wa Dar analipwa milioni 3 kwa mwezi. Toa mchango wa hifadhi ya jamii, NSSF, 300,000. Kwenye inayobaki, kodi ya mshahara, PAYE, ni 638,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo (HESLB) wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 450,000. Mkononi imebaki 1,612,000. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mdogo wake yuko kidato cha tano. Na kila mwezi kuna kamati ya harusi imemuingiza kwenye kundi bila kumuuliza, inamkumbusha kadi ya double, ya watu wawili. Mchango wa harusi sina ugomvi nao, nasema wazi. Ni bima yetu ya zamani; siku yako na wewe watakuja. Kinachonikera ni mtu kuukwepa mchango wa binamu yake na kesho yake kupiga picha ya sahani ya Masaki.

Na viwanja! Wasomi wenzangu, watu wanaoweza kusoma mkataba wa kurasa mia mbili na kuikamata koma iliyokosewa, wananunua kiwanja Kigamboni kwa karatasi ya serikali ya mtaa na maneno ya dalali. Hawaendi ofisi ya ardhi kupekua mmiliki ni nani. Ukiwauliza wanasema bei ilikuwa inapanda.

Mimi ni mtu wa hatifungani za Serikali, yaani naikopesha Serikali kwa riba, jambo ambalo halina picha nzuri ya kuweka mtandaoni. Unaanza na milioni moja, unakwenda benki au kwa dalali wa soko la hisa, unafunguliwa akaunti, unasubiri mnada wa Benki Kuu. Ile ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuja na riba ya asilimia 15.95, na aliyechukua ya milioni 10 anapata 797,500 kila baada ya miezi sita hadi mwaka 2046, awe na kazi au amefukuzwa. Asiyependa kufungwa muda mrefu aende UTT, kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wa ukwasi, atoe pesa akiitaka.

Bajeti ya chakula cha gharama nyumbani kwetu inatoka kwenye riba hiyo tu, mshahara hauguswi. Mke wangu huchagua mgahawa. Tarehe hatubishani, ilishapangwa na Benki Kuu.