Dini haiko kwenye majengo tu, iko mpaka kwenye miti

Watu wengi ukiwaambia dini inaunda sura ya nchi wanawaza minara na misalaba basi, mi naona hapo tunaangalia juu juu mno. Hebu tazama picha za setilaiti za kaskazini mwa Ethiopia. Utaona ardhi ya kahawia, mashamba na malisho mpaka macho yachoke, afu humo humo kuna viduara vya kijani vimetawanyika, na ukivuta picha karibu unakuta katikati ya kiduara kuna paa la mviringo, kanisa la Orthodox. Miti ya kwingine imeisha kwa karne nyingi za kulima na kuchunga, ile ya pale imebaki kwa sababu waumini wanaona miti ndiyo vazi la kanisa, na nani atalivua kanisa nguo? Yani imani imechora ramani ya msitu kabisa.

Au nenda Cairo kwenye msikiti wa al-Aqmar, wa mwaka 1125. Ukuta wa mbele umefuata mtaa kama jirani zake, lakini ukiingia ndani jengo limepinda kuelekea kibla. Mtaa una njia yake, sala ina njia yake, na fundi ilibidi azipatanishe zote mbili kwenye unene wa ukuta. Mi hicho kitu kinanigusa sana.

Hata tarehe. Mwaka 1582 Papa Gregory XIII alirekebisha kalenda kwa sababu Pasaka ilikuwa inazidi kuhama kutoka kwenye majira yake, watu wakalala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Leo benki na viwanja vya ndege vinaitumia, na asiyeamini chochote anaitumia pia.

Ndio maana inaniuma nikisikia mtu anasema dini ni mambo ya moyoni tu, waachiwe waumini wenyewe, afu huyo huyo anataka kupanga mji au kuokoa msitu bila kuongea na wanaosali pale. Haiwezekani jamani. Kule Ethiopia watafiti wa misitu walikaa na makasisi kwanza, na sasa makanisa kadhaa yamezungushiwa ukuta wa mawe ili ng'ombe wasiingie kula miche, na mawe yenyewe wanakijiji waliyaokota mashambani mwao kwa mikono.