Oili ndo ya kuangalia, sio maji tu
Wengi mnamcheka rubani wa ile ndege iliyofungwa injini ya gari, Mazda 13B, eti kakatisha safari yake ya kwanza angani kisa joto la oili limepanda, mi naona kafanya la maana kabisa. Injini ya rotari kama hiyo 13B haina pistoni, ina rota (vyuma vya pembe tatu vinavyozunguka) na hizo zinapozwa na oili kwa ndani, kwahiyo karibu theluthi ya joto la kupozwa linapitia kwenye oili, sasa we funga rejeta ya oili ndogo uone. Na kasheshe ni wakati wa kupanda, pawa yote halafu spidi ndogo, hewa haitoshi. Afu kupanua tundu la mbele la kuingizia hewa peke yake haisaidii kama hewa ya moto haina pa kutokea nyuma, wenye ndege wapime kwanza presha ya hewa mbele na nyuma ya rejeta kabla ya kununua kubwa zaidi.