Viluwiluwi wa darasa la pili

Mimi vyura siwashiki. Naomba hilo lijulikane mapema, maana ndilo chanzo cha balaa lote. Kuwaeleza watoto wa darasa la pili jinsi chura anavyokua, naweza. Kuchora ubaoni mayai, mkia, miguu ya nyuma, kisha ya mbele, naweza. Lakini kutumbukiza mkono kwenye kinamasi hapa Busia? Wapi!

Basi nikawatuma wenyewe. "Kesho mniletee viluwiluwi. Tutawaweka darasani tuwaone wakigeuka vyura, na kila mtu atachagua wake ampe jina."

Asubuhi kijana mmoja akaingia na jerikeni iliyokatwa nusu, maji yakichezacheza kwa vijidudu vinavyojipinda na kujinyoosha. Nikachungulia kwa mbali, mikono mgongoni. Wanaogelea? Ndiyo. Wana mkia? Kama mkia. Tukampigia makofi, jerikeni ikawekwa dirishani nyuma ya pazia.

Kila siku walichungulia na kuchora.

"Mwalimu, miguu haijatoka."

Subirini.

"Mwalimu, wanapanda juu kupumua kwa matako."

Nikamwambia achunge mdomo wake.

"Mwalimu, sasa wamejikunja kama alama ya mkato."

"Hiyo ni miguu inajipanga humo ndani," nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Ijumaa tukafunga darasa. Jumatatu majini zilielea ngozi tupu, na darasa zima lilikuwa linajikuna.

Siku nyingine ningefungua madirisha yakaisha kimyakimya. Lakini saa nne mwalimu mkuu akaja na mama mmoja, mhudumu wa afya wa kijiji, aongee na watoto kuhusu malaria.

"Haya wanangu, mbu wanazaliana wapi?"

Mikono yote juu. "Kwenye jerikeni ya mwalimu!"

Yule kijana akasimama bila kuitwa, akaeleza yote: kiluwiluwi anapumulia wapi, anajikunja lini, anavyopasua ngozi mgongoni, anasimama juu ya maji akauke mabawa, kisha huyoo! Mama akashika kiuno. "Jamani, nani amewafundisha vizuri hivi?" Vidole vyote vikanielekea. Mwalimu mkuu hakunitazama mimi, aliitazama jerikeni.

Nikamnong'oneza kijana, "Si nilitaka wa chura?"

"Mwalimu, ulisema viluwiluwi. Hao ni viluwiluwi. Habari za vyura ulizileta wewe."

Mama akaendelea na somo: anayeuma ni jike peke yake, anatafuta damu ya kutengenezea mayai. Hapohapo mmoja akanitua shingoni. Nikampiga kofi, pa!

Msichana wa dawati la mbele akaangua kilio. "Mwalimuuu! Umemuua Malaika wangu!"