Kijidudu cha Kasarani: tukiachilie kwa mbu wa ziwani?

Nairobi si mji wa malaria. Uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huchelewesha kukomaa kwa kimelea ndani ya mbu. Ugonjwa wenyewe huingia jijini na abiria. Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, watoto waliokwenda Krismasi kwa nyanya yao Homa Bay au Siaya, kando ya Ziwa Victoria, hurudi na homa, na mama anayeijua malaria humwambia daktari kabla hajaulizwa: "Tulikuwa nyumbani, tafadhali mpime." Hata hivyo, moja ya habari kubwa za sayansi ya malaria katika miaka ya karibuni imetoka hapahapa, Kasarani, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe.

Mei 2020, watafiti wa kituo hicho pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitangaza kuwa wamekuta kijidudu kinachoishi ndani ya mbu aina ya Anopheles arabiensis. Walikiita maikrosporidia MB. Ni jamaa wa karibu wa kuvu, hukaa kwenye utumbo na ovari za mbu, na hakionyeshi kumdhuru. Jambo lililowashtua ni kwamba miongoni mwa mbu wa porini waliokibeba, hawakukuta hata mmoja mwenye kimelea cha malaria. Mbu jike huwarithisha watoto wake kijidudu hicho kupitia mayai. Mwaka uliofuata ikaonekana pia kwamba dume humwambukiza jike wanapojamiiana.

Hapo ndipo matumaini yalipo. Mbu dume haumi mtu. Ukiweza kufuga madume wenye kijidudu hiki na kuwaachilia, wao wenyewe watakipeleka kwa majike, na majike kwa kizazi kijacho, bila kubadilisha jeni hata moja. Njia kama hiyo imeshafanikiwa kwingine: huko Yogyakarta, Indonesia, mbu wa Aedes waliopandikizwa bakteria ya Wolbachia walipunguza homa ya dengue kwa asilimia 77. Na sisi tunahitaji silaha mpya. Mbu wanazidi kuzizoea dawa zinazowekwa kwenye neti, tena arabiensis huuma hata nje ya nyumba, watu wakiwa bado wameketi uani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 597,000 vya malaria mwaka 2023, asilimia 95 vikiwa Afrika, wengi wao watoto wasiofikisha miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta kimelea kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika ukanda wa ziwa. Ni karibu mtoto mmoja kati ya watano, wengine wakicheza kama kawaida.

Wanaoonya nao wana hoja nzito, na sipendi zinavyopuuzwa na vichwa vya habari vilivyotangaza kinga ya asilimia mia. Porini, kijidudu hiki kwa kawaida hukutwa kwa chini ya asilimia kumi ya mbu, kikiongezeka misimu ya mvua. Kikibaki hapo, mtoto wa Ahero, karibu na Kisumu, hataona tofauti. Kukizalisha kwa wingi ni kazi ngumu, kwa sababu hakikubali kufugwa bila mbu. Mtafiti hukamata majike porini, humtagisha kila mmoja peke yake kwenye kichupa chenye karatasi yenye maji, kisha baada ya kutaga humpima mama huyo kwa kipimo cha jeni, kuona kama ana kijidudu. Akiwa hana, mayai yake hayafai. Akiwa nacho, hapo ndipo ukoo wa maabara unapoanza. Ukikumbuka idadi ya mbu wanaozaliwa baada ya mvua moja tu pale Ahero, utaelewa kwa nini sayansi hii haiendi kwa kasi ya magazeti.

Tena arabiensis hayuko peke yake. Mbu mwingine, Anopheles funestus, ni mwenezaji mkubwa wa malaria magharibi mwa Kenya, na ushahidi mwingi tulio nao hadi sasa unahusu arabiensis na ndugu zake wa karibu. Nacho kimelea kimeshazishinda dawa kadhaa kwa kubadilika. Sioni sababu ya kuamini kwamba kizuizi hiki hakitajaribiwa vivyo hivyo.

Kuna wanaosema fedha ziende kwanza kwenye kinga iliyothibitika. Chanjo ya RTS,S ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya Septemba 2019, na katika nchi tatu za majaribio vifo vya watoto waliostahili kuipata vilipungua kwa asilimia 13. Nakubaliana nao kwa nusu: neti na chanjo zisiguswe, hasa baada ya msaada wa Marekani kuyumba mwaka 2025. Lakini kumnyima mtafiti wa Kasarani fedha hakumpi mtoto wa Rachuonyo neti.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni imani ya watu. Kenya ilipiga marufuku vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa jeni, mwaka 2012, ikaondoa marufuku Oktoba 2022, na mzozo ukaishia mahakamani. Agosti 2025 Burkina Faso ilisimamisha mradi wa mbu waliobadilishwa jeni. Maikrosporidia MB ni kitu tofauti kabisa, kimekutwa kwa mbu wa porini bila kupandikizwa na mtu, lakini mtu anayesikia kwamba mbu watamwagwa kijijini kwake ana haki ya kuuliza kabla hawajamwagwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: jaribio lianze, liwe dogo, mahali palipozungukwa na maji kama kisiwa, ili kama kuna tatizo lisivuke. Wenyeji wakutanishwe kwenye baraza la chifu, waelezwe kwa Dholuo, na wawe na uwezo wa kukataa. Na matokeo, mazuri au mabaya, wayasikie wao kabla sisi wa Nairobi hatujayasoma kwenye simu.