Nani Alikupa Timu Yako?

Kila ligi ya Uingereza inapokaribia kuanza, barazani petu Kibokoni hurudi ubishi uleule, na muasisi wake ni yuleyule: kijana mmoja wa bandarini ambaye hakosi mechi ya Bandari FC pale uwanja wa Mbaraki. Akimwona mtu na jezi ya Chelsea humwuliza, "Bwana, London una shangazi?" Watu hucheka, kahawa humiminwa, kila mtu huvuta kiti.

Hoja yake haina mapambo. Timu ni ya kwenu kama mtaa ulivyo wa kwenu. Hukuchagua kuzaliwa Mombasa, basi na Bandari hukuichagua, uliikuta. Anayevuka bahari kutafuta timu anatafuta makombe, na mtafuta makombe ni mteja, si shabiki.

Wanaomjibu husema moyo haupangiwi. Mpira ni starehe, si kodi ya kaunti. Mtu akirudi kazini Jumamosi jioni, amechoka, ana haki ya kuangalia mpira unaomfurahisha, uchezwe Liverpool au uchezwe Likoni. Na tena, huongeza kwa sauti ya chini kidogo, Bandari yenyewe ni ya nani? Ni timu ya Halmashauri ya Bandari, KPA. Mwenye kazi kule ana sababu ya kuipenda. Muuza viazi karai wa Makadara atapata wapi sababu hiyo?

Nimekaa pale miaka ya kutosha kuwaunga mkono wote wawili kwa siku tofauti. Lakini nazidi kuona kuwa wamekubaliana jambo moja bila kujua, na jambo lenyewe si kweli. Wote wanaamini kuwa mtu huchagua timu. Huyu asema tumechagua vibaya, yule asema tumechagua kwa hiari yetu. Mimi naona wengi wetu hatukuchagua kitu. Tulipewa, na aliyetupa ana jina.

Nianze na mimi. Oktoba 1999, kibanda cha video Majengo: mabati juu, benchi za mbao, televisheni moja iliyofungiwa ndani ya kimia cha chuma kama kasuku. Chelsea walikuwa wanaongoza mabao mawili kwa bila, kwao Stamford Bridge, mvua inanyesha. Robo saa ya mwisho Nwankwo Kanu, Mnigeria wa Arsenal, akafunga matatu. La tatu alimtoka kipa Ed de Goey karibu kabisa na mstari wa mwisho, mahali ambapo mtu mwingine angetafuta kona tu, akageuka na kuupandisha mpira wavuni. Kibanda kililia, benchi moja ikavunjika.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaambia watu kuwa Kanu ndiye aliyenifanya niwe Arsenal. Hadithi tamu, na Mwafrika mwenzetu yumo ndani. Ila nikiipiga hesabu haijumliki, kwa sababu siku ile tayari nilikuwa nimeketi upande wa Arsenal. Kibanda kile kilikuwa na mipaka yake: Man U upande wa mlango, Arsenal upande wa feni. Mjomba wangu, fundi wa friji, alikuwa wa upande wa feni, na ndiye aliyenilipia kiingilio. Mtoto wa miaka tisa angekaa wapi kwengine? Ushahidi zaidi: mwaka wa 2004 Kanu aliondoka kwenda West Bromwich Albion, na mimi sikumfuata. Wala sikumbuki kuwahi kuulizia matokeo yao.

Mjomba alipokwenda kufanya kazi Jeddah, Arsenal ndiyo iliyobaki kuwa kamba baina yetu. Tarehe 28 Agosti 2011 tulifungwa mabao manane kwa mawili na Manchester United. Ilikuwa Ramadhani, mwishoni kabisa, na adhana ya magharibi iliingia mechi ikiwa bado katikati. Tende ilinikaa kooni. Usiku mjomba akapiga simu. Hatukutaja mpira hata neno moja. Aliniuliza tumefuturu nini, nikamjibu mbaazi na mahamri, akanyamaza, akasema, "Haya, mwanangu, tuko pamoja." Sasa mtu anayeniambia niache timu hii kwa kuwa London sina shangazi, hajui anataka nimwache nani.

Wapo wanaochagua kweli, sikatai. Dereva mmoja wa tuktuk ninayemjua alikuwa Man U, akawa Real Madrid, akawa Juventus, akarudi Man U, na leo jezi ya Al Nassr imetandikwa juu ya kiti chake. Huyo hana timu, ana Ronaldo, humfuata kila aendako, na sioni ubaya. Ila hata yeye barazani huwa mpweke, maana hakuna anayefungwa pamoja naye.

Lakini jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ya marehemu babu yangu, ndiye aliyenifungua macho zaidi. Siku moja vijana walikuwa wanataniana kuhusu Liverpool, naye akasema, "Mimi ni Liverpool tangu mamako hajaolewa." Kijana mmoja akafurahi, akamwuliza anamwonaje Salah. Mzee akamkazia macho. "Salah ndiye nani?"

Alikuwa anazungumzia Liverpool ya Mombasa, si ya Uingereza. Ilikuwamo katika ligi ya taifa ilipoanza mwaka wa 1963, pamoja na Feisal, nayo ya papa hapa Mombasa. Mwaka wa 1965 Feisal walitwaa ubingwa wa Kenya, na tangu siku hizo hakuna timu ya mji huu iliyourudisha. Mzee alitueleza hayo bila kutumia neno "historia". Alitaja nani alikuwa akicheza namba gani, anatoka nyumba ipi, alimwoa binti wa nani. Timu zile zilikuwa na milango ya kugonga. Baba alikwenda uwanjani kwa sababu mchezaji ni mtoto wa jirani, na mtoto alimfuata baba kwa sababu hakuna aliyembakisha nyumbani.

Kisha zikafa. Na timu ikifa, kinachokatika si ratiba ya mechi tu, ni ule mkono uliokuwa ukiipitisha. Wajukuu wa mashabiki wa Feisal walikua bila kitu cha kupewa, televisheni ikaja, ligi kuu ya Uingereza, iliyoanzishwa 1992, ikakuta nyumba wazi. Kijana wetu wa bandarini husema Waingereza wametuibia mashabiki. Mimi naona waliwaokota.

Anayetaka ushahidi wa mkono usiokatika apande matatu mpaka Changamwe, ashuke Chaani au Magongo. Huko wanaishi watu ambao baba zao walikuja kutoka Nyanza na Magharibi kufanya kazi bandarini, reli na viwandani. Walikuja na mabegi na timu. AFC Leopards, iliyoanza 1964 kwa jina la Abaluhya, na Gor Mahia ya 1968, zilisafiri na kabila zao mpaka pwani. Mtoto aliyezaliwa Changamwe, asiyefika Kisumu ila kwa mazishi, anaimba nyimbo za Gor kutoka mwanzo hadi mwisho, na hadithi ya mwaka wa 1987, Gor ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika, anaisimulia kama aliyekuwapo. Gor ikija Mbaraki, Bandari huwa wageni kwao wenyewe.

Jambo hili humtatiza kijana wetu, na ana haki ya kutatizika. Kama kanuni ni mahali, mtoto wa Changamwe alistahili kuwa Bandari. Kama kanuni ni damu, basi hana la kunilaumu mimi wala yule wa Chelsea. Hawezi kuzishika zote mbili.

Halafu kuna Simba na Yanga, na hapa barazani hugawika vibaya zaidi. Mombasa ina watu wengi wa timu hizi za Dar es Salaam, na sababu ni masikio. Mtangazaji anatangaza kwa Kiswahili chetu, utani ni wa kwetu, na mpaka wa Lunga Lunga umekata ukoo katikati: huyu ana shangazi wa kweli Tanga, si wa mzaha. Januari 2019 Bandari ilikutana na Simba hukohuko Dar, nusu fainali ya kombe la SportPesa. Kinyozi wangu, Simba wa tangu utotoni, aliacha kichwa changu nusu, mashine inanguruma hewani, anatazama. Bandari ikashinda mbili kwa moja. Aliyekuwa akisubiri zamu akamwuliza, "Sasa umefurahi ama umekasirika?" Akasema, "Niache nimalize kichwa cha watu." Nimeijadili sentensi ile mara nyingi kuliko mechi yenyewe. Mwaka uleule Bandari ilibeba na kombe la shirikisho hapa nchini, na mtaani petu sikusikia honi hata moja.

Ndipo huwa naanza kumwonea imani kijana wa bandarini, kwa sababu ubishi huu una gharama na wanaolipa ni watoto wa hapa. Pesa tunayoitoa kila wikendi vibandani, hata ikiwa ndogo kwa kichwa, ingeingia mlango wa Mbaraki ingeonekana. Mvulana wa Kisauni mwenye mguu wa kushoto wa dhahabu anacheza mbele ya majukwaa yenye nafasi za kulala. Uwanja wa Manispaa nao ulibomolewa kwa ahadi ya kujengwa upya, tukabaki tunatazama mabati ya uzio mwaka baada ya mwaka, na sikuona umati ukipiga kelele. Mji wenye mashabiki wengi namna hii ungewezaje kunyamaza? Ungeweza, kwa sababu viwanja vyetu vya moyoni viko kwengine.

Kwa hivyo anachokitaka nakikubali. Njia yake ndiyo siikubali. Mtu hashawishiwi kupenda timu kwa kuaibishwa. Hakuna aliyenitukana nikawa Arsenal. Nililipiwa, nikakalishwa chini ya feni. Bandari ina basi, ina mishahara, ina uwanja, na vyote hivyo vyatoka kwa mwajiri. Inachokosa ni wajomba.

Nilimwambia hivyo msimu mmoja, akanijibu, "Basi wewe uwe mjomba." Nikashindwa pa kutorokea. Jumamosi iliyofuata nikamchukua binti yangu wa miaka minane tukaenda Mbaraki. Bandari na AFC Leopards. Nikamnunulia mabuyu, tukaketi upande wa wenyeji, kivulini. Ng'ambo ya pili wageni walikuwa wamekuja na ngoma za isukuti, na kutoka dakika ya kwanza hazikunyamaza. Wanawake kwa wanaume, wengine wamepaka nyuso rangi, bega kwa bega. Upande wetu watu walikaa mbalimbali, mikono mapajani, kama wanaosubiri feri.

"Baba, wale ni nani?"

"Wale ni wageni. Sisi ni hawa."

Akatazama hawa, akatazama wale. Kidole chekundu kwa mabuyu kikawa kinapiga mdundo juu ya goti.

"Kama sisi ni hawa, mbona wewe huimbi?"

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa naangalia Arsenal iko ngapi.