Kila Kitu kwa Barua

Mwanafunzi wa kubadilishana anayekuja Berlin kufanya mafunzo kwa vitendo hutarajia kuhangaishwa na baridi au lugha, kumbe kitakachomtoa jasho ni sanduku la barua. Sheria ya Ujerumani inamtaka aandikishe makazi yake ndani ya wiki mbili tangu ahamie, akiwa na hati iliyotiwa saini na mwenye nyumba, ilhali miadi katika ofisi za mtaa mara nyingi hupatikana muda huo ukiwa umekwisha pita. Akishaandikishwa, namba yake ya kodi yenye tarakimu 11, ambayo mwajiri anaihitaji ili amkate kodi sawasawa, haitumwi kwa simu wala kwa barua pepe (na hii ndiyo nchi inayosifiwa kwa mitambo!), bali hutiwa kwenye bahasha na kupelekwa na tarishi wa posta. Tarishi naye, asipoliona jina la mpangaji kwenye sanduku, huirudisha bahasha ilikotoka, kwa hiyo sisi tunaopanga chumba kimoja ndani ya nyumba ya watu hubaki kumbembeleza mwenye nyumba atubandikie kikaratasi. Ajabu ni kwamba barua ya kudai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, haipotei njia hata siku moja.