Nyuki Nilisema Mimi, Lakini kwa Kiswahili

Haya, mmeshaisikia ile sauti ya dakika nne na ushei. Najua, kwa sababu tangu juzi usiku simu yangu haijapoa. Hata binamu yangu wa Lamu, ambaye salamu za Idi huwa hajibu, ameniandikia "pole na nyuki". Shoga yangu, ambaye humu nitamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, amewaeleza kwamba nilivuliwa nguo na nyani hekaluni, nikapiga ukwenje, watalii wakakanyagana. Kwenye hiyo sauti amecheka mwenyewe mara sita. Nimehesabu.

Sasa nisikieni mie. Naandika nimelala kifudifudi, magoti hayakunjiki, na ngazi za hapa tulipofikia nazishuka kinyumenyume kama mtu anayemuaga sultani.

Mnajua tuko Colombo, Sri Lanka, kwa mafunzo ya kuonja chai. (Wageni humu: ndiyo, kuna kazi ya kuonja chai. Unaifyonza kwa kijiko kwa kelele kama hukulelewa, kisha unaitema. Na ndiyo, nalipwa.) Sisi Mombasa tuna mnada wetu, lakini hawa wana wao tangu 1883, basi tumeletwa kwa wakubwa zetu wiki mbili. Jumapili ilikuwa yetu. Wenzetu wakaenda ufukweni. Mie nikasema mtoto wa Mombasa kuvuka bahari yote hii kuja kuangalia bahari ni ukosefu wa kazi. Tukodi gari letu, sisi wawili na dereva, tukaone mahekalu ya mapangoni Dambulla, tuupande mwamba wa Sigiriya, na usiku tulale Colombo. Gari letu, saa zetu, hakuna wa kutupigia filimbi turudi kwenye basi. Hayo maneno ni yangu, siyakani.

Saa kumi na moja alfajiri dereva alikuwa mlangoni, mtu mzima, mpole, shati limepigwa pasi mpaka lina makali. Tukamwita Anko, kama tulivyosikia vijana wa huku wakiwaita watu wa umri wake. Anko akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akarudi kichwani.

"Madamu, hiyo nguo. Kule juu kuna upepo."

Nilikuwa nimevaa dera. Si la kulalia, msinidharau. Lile la zambarau la Idi, ambalo fundi wangu akilikata hubaki analaumu mita za kitambaa. Nilikuwa na hoja zangu. Hekaluni lazima mabega na magoti yafunikwe, na hakuna vazi chini ya jua linalofunika kama dera. Ndani yake nilivaa kaptura ya mpira ya mdogo wangu, ambayo husafiri nayo kwa kulalia, kwa sababu taiti zangu zote zilikuwa kwenye kamba, mbichi. Ni ya rangi ya chungwa inayong'aa, na paja la kushoto ina namba 9 nyeupe. Ishikeni hiyo kaptura, tutaihitaji.

Nikamjibu Anko: "Baba, mie nimezaliwa pwani. Huu ni Agosti, upepo wenyewe ni kusi. Kusi naijua tangu tumboni."

Na sikuishia hapo. Nikamweleza kwamba ndiyo kusi hii hii iliyokuwa ikiyasukuma majahazi kutoka kwetu kwenda Bara Hindi. Saa nne za barabara nilimfundisha upepo mtu aliyezaliwa kwenye kisiwa. Alikuwa akiitikia kwa kutikisa kichwa kile kitikisiko chao cha pembeni, ambacho mpaka leo sijui kama ni ndiyo au ni "utajionea".

Njiani tulikula apa, ambayo ni kibibi kilichopikwa kwenye kikarai kikainua kingo kama bakuli, na yai limekaa katikati limetulia. Apa tano. Kima cha chini.

Anko alishauri tuanze na mwamba, jua halijakolea, mapango baadaye kwa kuwa mle ndani kuna kivuli. Redio akasema Dambulla iko njiani, kwa nini tuipite halafu tuirudie. Nami nikaunga mkono. Hilo ndilo shimo tulilojichimbia, na jembe tulishika wote wawili.

Dambulla ni mapango matano chini ya mwamba mmoja, na ndani mna sanamu za Buddha zaidi ya 150. Pango la kwanza amelala, mita 14 hivi, amechongwa na jiwe lile lile la mwamba, na kwenye nyayo zake mna rangi nyekundu. Dari zimechorwa zote, na michoro imefuata mabonde ya jiwe mpaka unadhani ni kitambaa cha hema kimelegea. Inasemekana mfalme Valagamba alijificha humu alipopokonywa kiti chake, karne ya kwanza kabla ya Kristo, na alipokirudisha akayafanya mapango hekalu kwa shukrani. Tuliingia kwa adabu ya wageni: viatu nje, sauti chini, na hupigi picha ukiwa umempa Buddha mgongo. Redio alikuja na suruali iliyoishia magotini, ikabidi ajifunge leso. Leso imeandikwa "Hasidi hana sababu". Mtawa mmoja alimpita akaisoma taratibu, herufi kwa herufi, akaenda zake.

Viatu mnaviacha kwa mtu nje, na ua wote wa mbele ni mwamba mtupu uliochomwa na jua. Waliojua walikuja na soksi. Sisi tuliruka kama bisi kwenye sufuria.

Na sasa nyani. Ni kima, kwanza, wadogo wenye nywele za utosini zilizogawanywa kama wametoka kwa kinyozi. Mmoja alimfuata REDIO kwenye ngazi, mtoto kamng'ang'ania tumboni, akashika pakiti ya biskuti aliyoishika Redio. Redio hakuachia. Kima hakuachia. Wakavutana, wanatazamana machoni, mpaka pakiti ikapasuka na kima akaondoka na fungu kubwa. Nguo ya mtu haikuguswa. Sehemu hiyo kwenye sauti yake haimo. Labda ni mtandao.

Sigiriya tulifika saa sita kasoro. Mgeni analipa zaidi ya dola 30, mwenyeji anapita kwa rupia zake chache, nikakumbuka tunavyowafanyia wazungu pale Fort Jesus nikalipa kimya.

Jamani, ule mwamba. Umesimama peke yake katikati ya msitu, karibu mita 180, kuta zimenyooka kama mkate uliokatwa kwa kisu. Karne ya tano mfalme Kashyapa alimuua baba yake akatwaa ufalme, kisha kwa hofu ya nduguye akahamia juu huko na kasri lake na mabwawa yake. Kwetu mtu akikosana na nduguye huhamia Likoni. Huyu akataka ngazi 1,200.

Miguu yangu kabla ya hapo ilikuwa imepanda ghorofa tatu, tena siku lifti imeharibika.

Kati ya njia kuna ngazi ya kuzunguka inayokupeleka kwenye wale wanawake waliochorwa ukutani tangu enzi za Kashyapa, vifua wazi, maua mkononi, hawana habari na mtu. Picha hairuhusiwi. Chini yao kuna ukuta ambao zamani ulisuguliwa mpaka ukang'aa kama kioo, na kuanzia karne ya nane hivi wapandaji wakawa wanaandika humo mashairi kuhusu walichokiona huko juu. Nilipaona pazuri sana. Nikasema watu walikuwa na raha zao, kumwona mtu mwambani kwa mbali ukamtungia shairi.

Ukimaliza hapo unatokea kwenye uwanda wa nyayo za simba. Zamani ulikuwa unaingia kinywani mwa simba wa matofali. Kichwa kimeporomoka, imebaki miguu miwili yenye kucha, na kati yake ngazi. Na pale uwandani, naomba mnisikilize vizuri, kuna kibao kinachowataka watu wanyamaze, kwa sababu kelele huwaamsha nyuki. Ni wale nyuki wakubwa wa mwambani, masega yao yananing'inia kwenye jiwe. Na kuna kizimba cha waya wa wavu, kikubwa, cha kuwakimbilia watu nyuki wakishuka.

Redio akaketi. Akasema magoti yake yametosheka na historia. Mie nikapanda.

Baada ya ngazi za jiwe zinaanza za chuma, zimepigiliwa kwenye ukuta wa mwamba, upande mmoja jiwe, upande wa pili Sri Lanka yote. Mbele yangu mtalii mmoja mrefu, nyuma yangu mwalimu aliyevaa sari, na nyuma yake wanafunzi wake wa sare nyeupe, kimya kama wamo kwenye mtihani. Nilikuwa nimepanda kama ngazi ishirini nilipofanya kosa la kutazama chini. Mikono yote miwili ikakamata chuma, na tangu hapo haikuwa yangu tena.

Ndipo kusi ilipofika.

Ilianza kwa upole, vifundoni. Nikahisi ubaridi nikasema alhamdulillahi. Kisha dera likaanza kujaa kutoka chini, taratibu, kama tanga nahodha anapolilegeza. Likafika magotini. Nikabana mapaja, lakini dera haliulizi mapaja. Likafika kiunoni. Hapo nikaiamuru mikono iachie chuma, japo mmoja tu, wa kushoto, dakika moja. Mikono ikakataa. Mnajua kuuambia mkono wako jambo ukakutazama tu? Dera likapita kifua, likanipiga puu usoni, likanivuka kichwa, likaenda kusimama juu yangu wima. Mie ndani gizani, zambarau tupu. Mie nje, kwa wenzangu, kaptura ya rangi ya chungwa kuanzia kiunoni, imeegemezwa kwenye mwamba wa urithi wa dunia.

Na kimya! Hilo ndilo nisilolisahau. Uwanda mzima ulikuwa unaona, na hakuna aliyeruhusiwa kucheka. Ningesikia kicheko ningejua nimefikia wapi. Nilisikia pumzi tu, za puani, zinazokazwa na watu wengi kwa pamoja. Kisha kisauti cha mtoto, chini kidogo, kikisoma kwa Kiingereza kama kinavyosoma ubaoni: "Tisa."

Hapo dera lilianza kuvuma. Kitambaa kikijaa upepo kikatikisika kingo, kina mlio wake: vuuuu, vuuuu. Nyie mko chini hapo mmekunywa maji yenu, mnajua ni kitambaa. Mie nilikuwa gizani na kile kibao kichwani.

Nikapiga yowe: "NYUKIII!"

Sasa, kwenye mwamba ule wote, hilo neno lilieleweka na watu wawili: mie niliyelisema, na Redio. Mkorea halijui. Mjerumani halijui. Lingepita angani likaenda zake msituni. Nani aliyesimama akalitafsiri, kwa Kiingereza safi, kwa sauti ya mwadhini? Nani, nauliza? Tena mwalimu aliniambia baadaye kwamba Redio alitafsiri akiwa ameshaingia kizimbani.

Basi kizimba kikajaa. Watalii, walinzi, mzee na fimbo yake, wanafunzi waliokuwa hawajapanda. Bwana mmoja na begi lake la mgongoni wakakwama mlangoni, wakasukumwa wote wawili. Walipotulia, nyuki hakuna hata mmoja. Wakabaki mle ndani wameshika nyavu, nyuso juu, kama watu wanaoutafuta mwezi wa Idi. Na mwezi wenyewe una namba 9.

Aliyeniokoa ni yule mwalimu. Alilivuta dera chini kwa mkono mmoja kama anayeanua nguo mvua inakuja, akachomoa pini kwenye sari yake, akalikusanya dera katikati ya magoti yangu akalibana. Hakusema neno. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, nami sikuuliza ni kwa huruma au ni kwa nini.

Kurudi nyuma haikuwezekana, ngazi imejaa, ikabidi nimalizie. Huko juu kuna misingi ya kasri na bwawa lililochongwa kwenye mwamba. Nikakaa karibu na bwawa mpaka waliokuwa kizimbani wote wakapungua, ikanibidi saa nzima, maana kila mara walikuwa wanapanda wengine wakinitambua kwa rangi. Kama watu wangekuwa bado wanaandika kwenye ule ukuta, ningekuta shairi langu wakati wa kushuka, wino mbichi.

Chini Anko alikuwa ametununulia madafu yao ya rangi ya chungwa. Akanitazama, akaitazama pini.

"Upepo, Madamu?"

Nikanywa dafu. Njia nzima ya kurudi aliongea yeye. Alinieleza kuhusu upepo.

Jumatatu asubuhi tukaingia darasani, vikombe vimepangwa safu. Mkufunzi akamwuliza mwenzetu mmoja chai ya tatu anaisikia vipi. Akafyonza, akatema, akanitazama mie, akasema anasikia asali kwa mbali. Darasa zima. Mpaka mkufunzi.

Kwa hivyo Redio, na najua unasoma kwa sababu umeketi kitanda cha pili na unacheka: rekodi sauti nyingine, uweke kima, uweke tafsiri. Pini ya watu bado ninayo. Na lile dera nimelifua, lipo kwenye kamba huko varandani, tangu alasiri linajaa upepo na kusimama wima, limekataa kukauka likiwa limelala kama nguo nyingine.